Mikono ya Mama na Mguu Wangu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, na ngozi iliyo juu ya kifundo imeingia rangi ya kahawia isiyofutika. Daktari ameniambia utabaki hivyo. Siku hizi navaa kikwembe, kitenge cha kujifunga, kirefu mpaka chini, na wanaodhani nimeokoka ghafla nawaacha wadhani. Naandika haya kwa ajili yenu mnaokaa: mnaoingia ofisini asubuhi, mkavuta kiti, na mkainuka tu wakati wa kurudi nyumbani. Mambo ya udaktari siyajui. Nina mguu, na nina mama, nami nitawasimulia yaliyotupata.

Kwetu mtaani Hewa Bora, kukaa kulikuwa ndoto. Babu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika reli. Baba alishuka mgodini mpaka magoti yakagoma, na jioni alikuwa anashikilia ukuta ili afike chooni. Nilipopata kazi katika ofisi moja ya mawakala wa forodha mjini, hakuwaambia majirani kwamba nashughulikia karatasi za mizigo. Aliwaambia, "Josée wangu, kazi yake ni ya kukaa." Alilisema hilo kama wengine wanavyosema mtoto wao yuko Ulaya. Alikufa na fahari yake hiyo, na namshukuru Mungu kwamba hakuona yaliyofuata.

Kazi yenyewe ni hii. Malori yamesimama mpakani Kasumbalesa na hayasogei mpaka mtu kama mimi aingize habari za mizigo yake kwenye kompyuta. Shida ilikuwa mtandao wetu, ambao ulikuja na kuondoka kwa mapenzi yake. Ukija, chumba kizima kinapiga kelele, "Connexion inaingia!", na tangu hapo hakuna anayeinuka, kwa sababu ukikatika kabla hujamaliza unaanza upya na dereva analala tena mpakani. Basi tukajizoesha. Maji hatunywi asubuhi, maana maji yanataka choo. Chakula ni mandazi juu ya kibodi. Tulishindana nani atakaa zaidi, na mimi nilikuwa bingwa. Chef, mkubwa wetu wa ofisi, alikuwa ananionyesha kwa wafanyakazi wapya: "Muangalie Josée. Njo mutu wa kazi. Iko na matako ya chuma!" Nilicheka pamoja nao, na moyoni nilijivuna sana.

Maumivu yalianza wakati wa mvua, ndani ya nyama ya mguu, chini ya goti. Nilidhani ni msuli umekaza. Baada ya siku chache kiatu cha kushoto kilikataa kuingia, nikaenda kazini na ndala, nikaificha miguu chini ya meza. Mdogo wangu Bijou, ambaye anaishi katika chumba cha nyuma kwenye kiwanja chetu huku mume wake akifanya kazi Kipushi na kuja mwisho wa juma tu, aliutazama mguu ule akatikisa kichwa. Mimi mkubwa wake huniita Yaya.

"Yaya, umekanyaga kintu. Ku bureau yenu kuko bantu babaya."

"Bantu ba ku bureau yetu ni bavivu," nikamwambia. "Kazi ya kuloga habataiweza."

Mama hakutia neno katika habari za uchawi. Mama alikuwa na mikono. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, mtu wa kwanza kuitwa ni Mama Josée, aje na beseni lake, maji ya moto na mataulo, amkande mzazi tumbo, kiuno na miguu mpaka mwili urudi mahali pake. Sijui ni wanawake wangapi wa wilaya yetu ya Kampemba wamepita katika mikono ile. Mikono mipana, mizito, yenye ngozi laini ya mafuta. Alipouona mguu wangu hakuuliza mengi.

"Leta hapa."

"Mama, inauma."

"Itaacha. Ni damu imelala. Munakaaka mingi, damu inalala."

Kila jioni niliporudi kazini alikaa kwenye kibao, akauweka mguu mapajani mwake, akaufunika taulo la moto, kisha akaukanda kwa mafuta ya mawese kutoka kwenye kifundo kupanda juu. Iliuma mpaka machozi yakanitoka, halafu ikawa tamu. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kushikwa hivyo na mama. Nilikuwa mtu mzima, nimelisha nyumba ile tangu baba alipokufa, na pale kwenye kibao nilisinzia kama mtoto mchanga. Naikumbuka raha ile kuliko ninavyokumbuka maumivu.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda misa. Nilikuwa nimeinua mikono kufunga kilemba, na kitu kikanichoma chini ya mbavu. Nilitaka kuvuta pumzi, pumzi ikaishia kooni. Nilimwita Bijou lakini sauti haikutoka, nikagonga meza kwa chanuo mpaka akaja.

Kuhusu hospitali, kinachobaki kichwani mwangu ni benchi. Ninyi mtakaopita huko mtalijua: mbao ndefu, ukuta umechakaa mahali ambapo migongo inaegemea, televisheni inaonyesha watu wanaocheza bila sauti, na kila mtu ana bahasha ya picha magotini. Nilikaa pale nikihema, mama upande mmoja, Bijou upande mwingine na tumbo lake la mimba changa. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kuchoka. Alinipima mguu wa kulia kwa futi ya mshonaji, kisha wa kushoto, akaandika. Akapitisha kidole juu ya ngozi yangu, akakinusa.

"Huu muguu bameukanda?"

Kabla sijajibu, mama alinyoosha mgongo. Alidhani anasifiwa. "Ni miye, docteur. Kila mangaribi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama! Muguu wa vile habakandake! Kuko damu imeganda ndani. Ukikanda, inatoka, inapanda mu mapafu. Njo kile kimefika. Unaweza kuua mutoto wako, vraiment!"

Alisema kwa sauti, na benchi zima likageuka. Mama aliitazama mikono yake. Kisha akaichukua ncha ya kikwembe chake, akaifunga mikono yote miwili ndani, akaiweka tumboni.

Nililazwa. Walinichoma sindano za tumboni kila siku mpaka tumbo likawa na madoa ya zambarau, na pua yangu ilikauka kwa mpira wa oksijeni. Kitandani jirani alikuwa mama mmoja wa Kasai, muuza vitenge, aliyekuwa akinitania nisilie: "Josée, unapumuaka kama lori inapanda mulima." Alikuwa ananishikia kikombe nikishindwa. Asubuhi moja nilipoamka nilikuta godoro lake limekunjwa.

Mama hakuondoka hospitalini hata siku moja. Alilala uani na ndugu wa wagonjwa wengine, akapika kwenye mbabula, jiko la makaa, akaniletea bukari, ugali wetu, ikiwa bado na moto. Lakini sahani aliiweka juu ya kabati na kurudi nyuma. Siku ya kwanza nilidhani ni haraka. Siku ya tatu nilielewa. Kuniosha, kunigeuza, kunichana nywele, yote alimwachia Bijou na tumbo lake. Siku moja nilinyoosha mkono ili nishike wake. Aliokota sahani iliyokuwa bado na chakula, akatoka kwenda kuiosha.

Nilirudi nyumbani kiangazi kimeingia, ile baridi ya mwezi wa sita inayokausha midomo, vumbi jekundu kwenye kila jani. Tangu hapo nilihesabu maisha kwa vipimo vya damu. Kwanza kila juma, halafu kila mwezi. Vidonge nilivyopewa vinafanya damu iwe nyepesi, na damu nyepesi ni bibi mkorofi: nikigusa meza napata alama, nikipiga mswaki natema nyekundu, na siku zangu za mwezi zilikuwa mafuriko ambayo sitayaeleza hapa. Waliniambia nisibadilishe ovyo kiasi cha majani ninachokula, kwa kuwa majani yanabishana na dawa. Na sisi bila sombe, majani ya muhogo, tunakula nini? Mama alichagua bakuli moja dogo la plastiki, na sombe yangu ilipimwa kwa bakuli hilo tu. Aliipima kwa uangalifu wa kutisha. Kisha aliliweka mezani, akarudi nyuma.

Niliogopa kila kitu. Niliogopa ngazi, niliogopa kikohozi, niliogopa kulala ubavu. Mkiwa mnapitia haya, jueni kwamba hofu inachelewa kuondoka kuliko ugonjwa. Mtu anakuona unatembea anasema umepona, na wewe unatembea huku unasikiliza kifua chako kila hatua.

Watu waliendelea kubisha mlangoni kumwita mama. "Mama Josée, mutoto yangu anazaa, kuya utukandie." Mama alijibu kutoka ndani: "Mikono inaniuma." Haikuwa inamuuma. Beseni lake alimpa jirani. Mataulo aliyapasua vipande, tukawa tunapigia deki. Wengine walikuja mara mbili, halafu wakaacha kuja, na uwanja wetu, uliokuwa haukosi mwanamke mwenye kitoto mgongoni, ukanyamaza.

Nilimkasirikia. Niseme wazi, kwa sababu vitabu vya dini vinatufundisha kusema ugonjwa ulituleta karibu. Nilimkasirikia kwa kunikanda, na nilimkasirikia zaidi kwa kuacha kukanda. Nilikuwa nimelala ndani na mguu juu ya mto, nasikia anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, na nilitamani aingie apige kelele, alie, anitukane, lolote. Aliingia na bakuli la sombe.

Bijou alijifungua mvua zilipoanza kurudi. Mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi. Tulimleta nyumbani kutoka hospitalini, na Bijou akakaa kitandani akingoja, kama kila mzazi wa mtaa huu alivyongoja mama. Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya kikwembe.

"Nitaletesha mama moya wa Kasungami," akasema. "Anajua kazi."

"Mama, miye ni mutoto wako."

"Njo maana," mama akajibu.

Mama wa Kasungami alikuja, akafanya kazi yake kwa haraka haraka na akaondoka. Bijou alibaki analia, na alipomaliza kulia akakasirika. "Yaya iko muzima! Anatembea, anakula, anatusemesha vibaya! Unamulilia kama maiti juu ya nini?" Mama alichukua nepi za mtoto akaenda kuzifua. Wiki nzima dada yangu na mama yangu hawakusemeshana, na mimi nilikuwa katikati yao na soksi yangu.

Hiyo soksi ya hospitali nayo mtaivaa wengi wenu. Inabana kutoka vidoleni mpaka gotini, na katika joto la mwezi wa kumi, kabla mvua haijakaa sawa, ni adhabu. Bijou ndiye aliyekuwa akinivalisha asubuhi. Baada ya kujifungua hakuweza kuinama, nikawa navaa mwenyewe, navuta, natukana, napumzika, navuta tena. Mama alikuwa anaangalia kutoka mlangoni. Siku moja alipiga hatua moja kuingia. Akasimama. Kisha akakumbuka kuna kitu motoni.

Ndiyo maana nilimpeleka kwa daktari yule. Nilikuwa na siku ya kupimwa, nikamwambia mama anisindikize, nikamkalisha kwenye kiti cha mbele. Nikauliza yeye akiwa anasikia: je, ni mikono yake iliyolipeleka donge kwenye mapafu?

Daktari alimgeukia mama. Nadhani alimkumbuka. "Mama, siku ile nilisema vibaya, mbele ya bantu. Unisamehe. Damu iliganda juu ya kukaa. Kukanda kunaweza kuisukuma, ni kweli. Ao ingetoka yenyewe, hata hakuna mwenye aligusa. Hatutajua."

Nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimemleta mama mbali hivyo asikie hapana.

"Docteur," mama akasema polepole, "kama hatutajua, basi inabakia mu mikono yangu."

Daktari alitoa futi yake, akamwonyesha mama jinsi ya kupima: nyama ya mguu huu, kisha ya ule, mahali palepale. Ukivimba mmoja tu, na ukawa na moto na maumivu, usiuguse, kimbilia hospitali. Mwenye kuhema au kuumwa kifua, vilevile. Mama alifuatisha kwa macho kila kitu. Kisha akauliza na kuhusu mimi: nifanye nini nikiwa kazini? Daktari akasema niinuke kila saa, nitembee kidogo, ninywe maji. "Kila saa?" mama akauliza. "Kila saa, mama."

Nilikuwa nimesharudi ofisini wakati huo. Kesho yake, katikati ya asubuhi, simu yangu ikalia mara moja na kunyamaza. Bipu. Ninyi mnajua bipu: unapiga, unakata kabla hajapokea, hakuna anayemaliza yuniti, na ujumbe umefika. Ilikuwa namba ya mama. Nikampigia kwa hofu.

"Mama, kuko nini?"

"Hakuna. Umesimama?"

"Hapana."

"Simama."

Tangu siku hiyo kila saa ilikuwa na bipu yake. Mtandao upo, mtandao haupo, simu inalia mara moja, nami nainuka, nakwenda dirishani, nakunywa maji, nakwenda chooni nikijisikia, narudi. Chef alivumilia siku mbili.

"Josée! Connexion iko!"

"Na miye niko, chef."

Hakupenda, lakini alikuwa amekuja kunitazama hospitalini na aliuona ule mpira puani, kwa hiyo alinung'unika akaacha. Mwenzangu wa meza ya jirani alianza kuinuka na mimi. "Bipu ya mama inalia," alikuwa anasema, anajinyoosha mpaka mifupa inalia. Wengine walibaki wamekaa. Kuna msichana mpya ambaye hanywi maji mpaka jioni, na chef anamsifu. Nimemwambia. Ameniangalia mguu, akasema pole sana, akageukia kompyuta yake. Nanyi pengine mtafanya hivyo hivyo, na sitawalaumu, ila nimewaambia.

Mama alikuwa hajanishika bado. Lakini kila saa, akiwa huko Hewa Bora, alikuwa anaichukua ile simu ya vibonyezo na kuubonyeza mguu wangu uinuke. Niliona hiyo ndiyo sehemu yangu, na nikajifunza kutosheka nayo.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mvua kubwa. Mtandao ulikuwa mzuri kwa ajabu, lori za mpakani zinapita moja baada ya nyingine, na mimi nikazama kazini kama zamani. Kilichonishtua ni mguu. Ulikuwa umeanza kuwa mzito. Nikaangalia simu. Hakuna bipu. Asubuhi yote hakuna hata moja.

Nilipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mama hajawahi kuacha simu mbali naye tangu zile bipu zianze, analala nayo chini ya mto. Umri wake niliujua, shinikizo lake la damu nililijua. Niliacha tamko la forodha la lori la mteja likiwa nusu, kwenye skrini, mtandao ukiwepo, na nikasikia chef anaita jina langu nikiwa nimeshafika kwenye ngazi. Teksi ilikuwa inapita polepole katika maji, na mimi nilikuwa nasali sala zisizo na mpangilio. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sasa siwezi kuvikumbuka. Tulipofika barabara yetu teksi ilikataa kuingia katika tope, nikashuka nikatembea haraka na mguu wangu, soksi ikiwa imelowa, kifua kinanigonga.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Simu ya mama ilikuwa juu ya kibao jikoni, imejaa simu zangu zisizopokelewa. Moto ulikuwa unawaka na sufuria kubwa halikuwepo.

Nilivuka uwanja mpaka chumba cha Bijou. Mlango ulikuwa wazi kidogo na mvuke ulikuwa unatoka. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga. Bijou alikuwa kitandani na macho yamefungwa, na kando yake, juu ya godoro, ulikuwepo ukanda mwembamba wa kitenge uliofungwa vifundo, wa kupimia. Mama alikuwa amepima mguu mmoja wa Bijou, akapima wa pili. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni jipya, mikono yake yote miwili ndani ya maji ya moto, kisha juu ya kiuno cha mdogo wangu.

Aliponiona alishtuka, akainyanyua mikono juu ikidondosha maji.

"Josée! Ni saa ngapi? Nimesahau ku-bipé!"

"Endelea, mama."

Hakuendelea mara moja. Aliutazama mguu wangu, uliolowa tope mpaka gotini, na uso wake ukawa ule wa kwenye benchi la hospitali. Mguu ule hajaugusa mpaka leo ninapoandika, na nadhani hataugusa. Nilifikiri atafuta mikono katika kikwembe na kutoka. Kisha Bijou, bila kufungua macho, akasema, "Mama, maji inapoa," na mama akairudisha mikono polepole.

Kule mjini lazima mtandao ulikuwa umeshakatika. Mimi nilisimama pale mlangoni mpaka alipomaliza.